Gisenyi: Mji wa Ziwa na Kisu cha Kukunja

Aendaye Gisenyi kutoka Kigali husafiri zaidi ya kilomita 150 kwa barabara inayopanda na kushuka milima isiyokwisha. Hupita Musanze, na kuanzia hapo safu ya volkeno humsindikiza upande wa kulia, vilele vyake vikiwa vimejifunika mawingu kama wazee waliojitanda mablanketi asubuhi ya baridi. Mashamba ya viazi na vitunguu hushika mteremko mzima hadi karibu na barabara. Kisha njia huanza kuteremka, hewa hubadilika, na Ziwa Kivu hujitokeza chini, pana na la kijani, likiwa kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

Tangu mpango mpya wa utawala wa mwaka 2006, wilaya hii huitwa Rubavu, lakini jina la Gisenyi halikutoka vinywani mwa watu. Mji umeegemea ziwa kwa upande wa kusini, na upande wa magharibi umeegemeana na Goma, mji wa Kongo, hata mgeni hupata taabu kujua nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Nyuma ya miji yote miwili husimama Nyiragongo, mlima wa moto uliolipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Safari hiyo ya pili mitetemeko ya ardhi ilipasua nyumba na barabara katika Gisenyi yenyewe. Huu ni mji uliozoea kuuliza kila jengo na kila chombo swali moja: je, kitashika?

Swali hilo ndilo tunalotaka, ndugu msomaji, kuliuliza leo juu ya chombo kidogo sana, kinachokaa mfukoni mwa askari, mvuvi na mama wa nyumbani, nacho ni kisu cha kukunja.

KISU KATIKA MIKONO YA WATU

Simama ufukweni jioni uwatazame wavuvi wa sambaza wakiondoka. Mitumbwi yao huenda mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma kama pembe, na waendao huimba ili makasia yapigwe kwa pamoja. Sambaza si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1960, na tangu hapo wamekuwa chakula cha maelfu ya nyumba. Samaki hawa ni wadogo, huliwa wazima, wala hawahitaji kisu. Anayehitaji kisu ni mvuvi mwenyewe. Wavu ukinaswa usiku wa manane, au kamba ikijifunga mahali pasipotakiwa, mkono mmoja hushika mtumbwi na mwingine hukata. Hapo hakuna nafasi ya kisu kinachojikunja chenyewe.

Njoo tena asubuhi kwenye mpaka mdogo, ule uitwao Petite Barrière. Kabla ya maradhi ya mwaka 2020 kuufunga mpaka, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kwa siku moja, wengi wao akina mama waliobeba karoti, vitunguu, nyanya na unga. Kisu hukata kamba ya gunia, huchonga muwa, humenya nanasi, hufungua mfuko wa saruji. Nenda kwa mafundi wanaojenga kuta kwa mawe meusi ya volkeno, au kwa vijana wanaochoma mishikaki, utakikuta kisu hicho hicho. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walinena wahenga. Lakini hawakusema kwamba kisu kikali kisicho na kiungo imara kinaweza kumla mwenyewe.

JINA LA MNYAMA WA ITURI

Kuna kisu kimoja ambacho historia yake inagusa nchi hizi zetu. Kinaitwa Okapi, jina la mnyama mpole wa msitu wa Ituri, jamaa wa twiga, mwenye miguu yenye milia, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 ingawa watu wa msituni walimjua tangu enzi na enzi. Mwaka 1902 kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Rwanda wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Wajerumani waliweka kituo cha askari hapa hapa Gisenyi hadi majeshi kutoka Kongo ya Kibelgiji yalipowaondoa mwaka 1916. Utengenezaji wa kisu hicho ulihamia Afrika Kusini mwaka 1988.

Kisu cha Okapi cha mtindo wa kale kina mpini wa mti, springi ndefu ya chuma mgongoni, na pete ndogo. Ukikifungua husikika mlio wa meno yakipita mmoja baada ya mwingine, na mwishowe springi hukamata. Ili ukifunge, huna budi kuivuta pete ili springi iinuke. Ni kufuli la kimaskini kwa sura, lakini kila sehemu yake huonekana kwa macho, na ubaya wake pia huonekana kwa macho. Hiyo ni sifa ambayo visu vingi vya kung'aa havina.

Nchi nyingine nazo zilitatua jambo hilo kwa njia zao. Katika milima ya Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza kufua visu vyake mwaka 1890. Vilikuwa na mpini wa mti na ubapa uliokazwa kwa msuguano tu, mpaka mwaka 1955 ilipoongezwa pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini ili kuuzuia ubapa usirudi. Uswisi, Karl Elsener alianza kulitengenezea jeshi la nchi yake visu vya askari mwaka 1891. Inafaa askari wetu wajue kwamba visu hivyo vya jeshi vilikaa zaidi ya karne moja bila kufuli kwenye ubapa, vikishikwa na springi peke yake, hadi kilipokuja kisu kipya mwaka 2008. Askari wa siku zile ilimbidi aukate mti kwa namna isiyousukuma ubapa urudi nyuma. Kwa hiyo tangu mwanzo tukubaliane kwamba kufuli husaidia mkono wenye adabu, lakini halishiki nafasi ya adabu hiyo.

KUFULI NI NINI

Msomaji asiye fundi anaweza kuchanganyikiwa na visu vilivyotandazwa juu ya meza ya mchuuzi, kila kimoja na umbo lake. Kwa kweli aina za viungo ni chache.

Ya kwanza ni springi tupu. Kipande cha chuma mgongoni mwa mpini hukandamiza kisigino cha ubapa, ukasimama wazi kwa nguvu ya mkandamizo tu. Hiki si kufuli. Ukiusukuma ubapa kwa nguvu utajikunja.

Ya pili ni pete ya kuzungusha, kama tulivyoieleza. Pete ikiwa wazi hakuna kinga yoyote. Ikizungushwa, ubapa hauna pa kupita.

Ya tatu ni komeo la mgongoni. Mkono wa chuma huingia katika pengo lililochongwa kwenye kisigino cha ubapa, na ili kufunga, hubonyezwa mgongo wa mpini. Okapi ni ndugu wa aina hii, ila yeye huvutwa kwa pete.

Ya nne ni ulimi wa pembeni. Ndani ya mpini mna bamba jembamba la chuma lililokatwa na kupindwa kidogo. Ubapa ukifunguka, bamba hilo hurukia nyuma ya kisigino na kukizuia. Ni aina inayopendwa sana siku hizi kwa kuwa hufungwa kwa mkono mmoja, na ndiyo pia inayoghushiwa kwa urahisi zaidi, maana bamba laini na bamba gumu hufanana machoni.

NAMNA YA KUKIPIMA KABLA YA KULIPA

Kwanza, kitazame kikiwa kimefungwa. Ubapa ulale katikati ya mpini, usigusane na upande wowote. Ncha izame kabisa ndani. Ncha inayochungulia nje itachana mfuko, kisha itachana paja. Kiinue kuelekea jua. Ukiona mwanga ukipita kati ya springi na mbavu za mpini, jua kwamba vipande havikukaa vizuri, na humo ndimo uchafu na maji vitakapofanya makao.

Pili, kifungue polepole na usikilize. Kiungo kizuri huenda kwa mwendo mmoja laini, kisha hukamata kwa mlio mfupi ulio wazi. Kikikwaruza njiani, kuna vyuma visivyosuguliwa. Kikikamata kwa uvivu bila mlio, springi ni dhaifu.

Tatu, kishike mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, upande usio na makali, ukitumia kitambaa. Utikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mtikisiko mdogo wa pembeni katika kisu cha bei ndogo huvumilika, na mara nyingine huondoka kwa kukaza skrubu au kugonga kidogo kichwa cha msumari wa kiungo. Mtikisiko wa juu na chini ni jambo jingine kabisa. Huo maana yake ni kwamba kufuli lenyewe halikukaa mahali pake, wala hakuna skrubu itakayolirekebisha. Kirudishe mezani.

Nne, lijaribu kufuli. Kishike kisu kwa pande za mpini, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, ili hata kikijikunja kisikute nyama. Weka mgongo wa ubapa juu ya ukingo wa meza ya mti, ukandamize taratibu, halafu uongeze nguvu kidogo kidogo. Usikipige kama apigaye nyundo. Pigo kali huweza kuharibu hata kufuli zima, wala haliambii lolote juu ya kazi ya kila siku. Mkandamizo unaoongezeka ndio unaofanana na kazi. Ikiwa ni ulimi wa pembeni, ongeza jaribio moja: kandamiza huku ukiupinda mpini kidogo kama akazaye skrubu, kwa maana ulimi mbaya hushika ukisukumwa moja kwa moja lakini huteleza ukipindwa.

Tano, hapo hapo utazame ulimi umesimama wapi. Ukigusa ukingo tu wa kisigino, haujakamata sawasawa. Ukiwa umevuka hadi kugusa upande wa pili, basi kisu kimechakaa kabla ya kutumika. Mahali pema ni pale unapokamata sehemu ya mwanzo ya kisigino, pakabaki nafasi ya kusogea kadiri chuma kinavyolika miaka ijavyo.

Sita, rudia kufungua na kufunga mara ishirini. Mchuuzi atakunja uso, lakini mwache akunje. Kufuli linaloshika mara kumi na tisa na kuachia mara ya ishirini ni baya kuliko springi tupu, kwa sababu springi tupu haikukudanganya. Ulijua tangu mwanzo kwamba lazima ujihadhari.

Makali yenyewe tunayaweka mwisho, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Wanunuzi wengi huanza kwa kupitisha kidole kwenye makali na kuishia hapo. Makali yaliyobutuka hurudishwa na kinoo kwa muda mfupi. Kiungo kilichotengenezwa vibaya hakirudishwi na kitu.

NENO LA MNOAJI

Katika miji yetu hakosekani mzee wa kunoa, na mazungumzo baina yake na wateja ni darasa tosha.

"Mzee, ninolee hiki," askari kijana humwambia, akitoa kisu chenye mpini wa kung'aa.

Mzee hakigusi kinoo kwanza. Hukifungua, hukitikisa, hukileta karibu na sikio. "Afande, makali haya nitayatoa sasa hivi. Lakini kisu chako kinacheka."

"Kinacheka vipi, mzee?"

"Kinafungua mdomo pasipo kuambiwa. Nikikinoa kikawa kikali, nitakuwa nimekuongezea jeraha. Heri ubaki na kibutu mpaka upate kingine."

Na kweli ndivyo ilivyo. Kadiri makali yanavyozidi, ndivyo kufuli linavyopaswa kuwa la kuaminika zaidi. Kukinoa kisu kilicholegea ni sawa na kutia mafuta katika gari lisilo na breki.

MAJI, MCHANGA NA KUTU

Kisu kilichofaulu dukani bado kina mtihani wa pili, nao ni mtihani wa mahali. Gisenyi ina mambo matatu yanayokijaribu. Liko ziwa lenye unyevu wake, iko mvua nyingi ya milimani, na uko mchanga mweusi wa volkeno ambao ni mkali kama msasa. Chembe moja ya mchanga huo ikiingia kati ya komeo na pengo lake, komeo halizami hadi chini. Kisu kitaonekana kimefunga, nacho hakijafunga. Magamba ya samaki na maji ya muwa yaliyokauka hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mwenye busara hulitazama kufuli kila anapofungua kisu, hata kama kisu ni chake cha miaka kumi.

Juu ya chuma, chaguo ni mbili. Pua ya kawaida hunoleka upesi na hupata makali mema, lakini hushika kutu ikiachwa na maji usiku mmoja, na hugeuka nyeusi ikikata limau au nanasi. Weusi huo si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo ugonjwa. Pua isiyoshika kutu, iliyochanganywa na kromiamu, humfaa mvuvi na mama wa jikoni, ila hudai subira zaidi kwenye kinoo. Tena tusidanganyike na jina lake, kwani nayo hupata madoa ikitupwa na uchafu katika kiungo.

Mpini wa mti una tabia yake pia. Ukilowa hufura, ukaubana ubapa hata usifunguke. Usiulazimishe kwa meno wala kwa ncha ya kisu kingine. Uache ukauke kivulini, si kando ya moto. Na kwa visu vyote utunzaji ni mmoja. Osha kiungo kwa maji safi na mswaki wa zamani, kaushe kabisa, tia tone moja la mafuta, fungua na funga mara kadhaa, kisha pangusa yaliyozidi. Mafuta mengi huita vumbi. Kwa kisu kinachokata chakula, tumia mafuta yasiyo na sumu wala harufu.

WAJIBU WA MWENYE KISU

Haiwezekani kuandika juu ya makali katika Rwanda na kunyamazia mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vyombo vya shamba na vya jikoni viligeuzwa vyombo vya kuulia majirani, na Gisenyi ilikuwa miongoni mwa mahali palipomwagika damu hiyo. Mwezi Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walipita katika mji huu kwa siku chache wakikimbilia Goma. Anayepita leo ufukweni na kuona watoto wakiogelea akumbuke kwamba amani ya kukata muwa kwa kisu ilinunuliwa kwa gharama kubwa. Kufuli la chuma huzuia ubapa usijikunje, lakini hakuna fundi aliyetengeneza kufuli la moyo. Hilo hufuliwa nyumbani na shuleni.

Kwa hiyo askari na polisi wanaotusoma wana sehemu yao. Mtu aliyevaa sare hutazamwa. Kisu chake kikae kimefungwa, mahali pake, kitoke kwa kazi na kirudi kazi inapokwisha. Kumchezea mwenzio kisu kwa utani kambini ni kosa, hata kama hakuna aliyeumia. Msafiri naye akifika mpakani akiulizwa ana nini mfukoni, ajibu bila kuficha. Kisu kilichokunjwa na kuwekwa ndani ya mzigo hakimtii mtu shaka kama kile kinachogunduliwa kiunoni. Na apandaye ndege asikiweke mfukoni kabisa, bali ndani ya mzigo unaopakiwa chini.

Nyumbani, wapo wasemao kwamba mtoto akililia wembe mpe, ajifunze mwenyewe. Methali hiyo ina mafunzo yake kwa watu wazima wakaidi, lakini si sheria ya malezi. Mtoto anayefikia umri wa kusaidia kazi aanzishwe na kisu kisichokunjika, chenye mpini mnene, akikata kuelekea mbali na mwili wake, mzazi akiwa kando. Kisu cha kukunja kina hatari mbili, makali na kiungo, na mkono mdogo hauna nguvu ya kulibonyeza komeo huku ukivilinda vidole. Wengi hukatwa wakati wa kufunga, kazi ikiwa imekwisha na akili imeshahamia kwingine. Basi mzazi amfundishe mtoto kufunga kabla ya kumfundisha kukata.

Jambo la mwisho ni la fedha. Familia ya mshahara mdogo huvutwa na kisu cha bei ya chini kabisa, na si aibu. Lakini rahisi ni ghali. Ukinunua vitatu vilivyovunjika springi ndani ya mwaka, umelipa bei ya kimoja kizuri, na huenda umelipa pia bei ya nyuzi hospitalini. Ikiwa fedha haitoshi kununua kisu chenye kufuli jema, nunua kisu cha springi tupu kilichotengenezwa kwa uaminifu, au kisu kisichokunjika kabisa kwenye ala yake. Vyote viwili humwambia mwenyewe ukweli juu ya uwezo wao. Kisu cha kuogopwa kuliko vyote, Gisenyi na popote, ni kile chenye kufuli la kuonekana tu, maana mkono hukiamini nacho hakistahili kuaminiwa.